Benchi la Mbweha Kutoka Buffalo

Mlioniuliza, poleni kwa kungoja. Tangu Aprili ile ya 2015, kila Jumapili kabla sijafika hata mlangoni mwa kanisa, mtu hunivuta mkono: "Spes, kwani kule Buffalo kulitokea nini?" Nami hujibu, "Tulileta mabenchi," halafu naingia ndani haraka. Kumbe kunyamaza kwangu kumewapa wengine nafasi ya kutia chumvi. Nimesikia kwamba tulikamatwa na polisi, kwamba Papa Musha alipigana na mzungu kwenye kituo cha mafuta, na kwamba tulirudi na sanamu ya miungu ya kale. Hatukukamatwa. Hayo mawili mengine yana ukweli kidogo, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Mlio Kigoma na Dar, ambao hamjafika kwetu, jueni kwamba kanisa letu liko Newburg, upande wa kusini-mashariki wa Louisville, katika jengo lililokuwa duka la magodoro. Tunakaa kwenye viti vya plastiki. Mahubiri yakizidi saa mbili, viti hivyo huanza kukunja magoti, na mwezi wa pili mama mmoja wa kwaya alianguka chali katikati ya pambio. Ndipo mchungaji wetu aliposikia kwamba kanisa moja la zamani huko Buffalo linafungwa, na kwamba mabenchi yake yatapewa bure kundi lolote litakaloyafuata. Sharti lilikuwa moja: yaondolewe kabla ya saa tisa alasiri, Jumamosi. Saa tisa lingekuja gari la taka, na kilichobaki kingevunjwa.

Newburg hadi mtoni: camion na kinywaji chake

Tulipanga kuondoka Ijumaa saa moja asubuhi. Tuliondoka saa tano. Dereva wetu, Papa Musha, alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani. Akaomba anyooshe mgongo dakika ishirini, akaunyoosha saa nne. Sikumwamsha. Ni heri dereva aliyekwisha kulala kuliko dereva atakayelala njiani.

Jina lake kamili ni Mushagalusa, mtu wa Bukavu, fundi seremala tangu ujana wake. Huku Marekani alikuwa na miezi kumi tu, na kazi yake ilikuwa kugongelea misumari kwenye paleti za kubebea mizigo, jambo linalomuuma sana. "Mikono yangu ilitengenezaka makabati ya maaskofu," huniambia, "sasa inatengeneza vitu vya kutupa." Mke wake alitufungia ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga, chapati kumi na mbili, na ugali ndani ya foili. Tukiwa hatujamaliza hata saa moja ya safari, chapati zilibaki tatu.

Karibu na daraja la kuvukia kuingia Cincinnati, lori tulilokodi, camion kwa Papa Musha, liliwasha taa ya mafuta. Papa Musha akaingia kituoni, akashuka kama mwenye mji, akachukua bomba la kijani. Mimi nilikuwa nahangaika na mfuniko wa chupa ya chai. Mara nikasikia kelele. Mzee mmoja wa kizungu mwenye kofia alikuwa anakimbia kutuelekea huku amenyoosha mikono, akafika, akalidaka lile bomba. Papa Musha naye hakuliachia. Wakawa wanalivuta, huyu huku, huyu kule, kama watoto na kamba.

"Mwizi!" Papa Musha akapaza sauti. "Dada, huyu mutu anataka kutuibia mazutu!"

"Diesel! Diesel!" mzee akalia.

"Njo ile! Mazutu! Ile ni camion, na camion inakunywaka mazutu!"

Nikashuka mbio nikasoma mlango wa tangi. Umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba gari hili linatumia petroli peke yake. Nikamwonyesha Papa Musha. Akaisoma, akalitazama lori kuanzia matairi hadi paa, akatikisa kichwa kwa huzuni, kama baba aliyegundua mwanawe anakunywa soda wakati wa kula. Mzee wa kofia alikuwa anahema. Nikamwomba msamaha, nikampa chapati. Akaila papo hapo akiwa amesimama, akauliza kama tuna nyingine. Hivyo ndivyo tulivyobaki na chapati moja, na hivyo ndivyo vita vya kituo cha mafuta vilivyokwisha.

Columbus: msichana wa mawe ya kale

Foleni ya Cincinnati ilitushika saa moja na nusu. Tulifika Columbus jioni, tukaingia mitaa ya University District, wanakopanga wanafunzi, kila nyumba ina kochi kibarazani na baiskeli imefungwa kwenye mti. Tulikuwa tunamfuata Mwende.

Mwende ni Mkenya, mtu wa Machakos, anasomea historia ya makanisa ya kale ya Uingereza. Msicheke. Mimi nilicheka, nikamuuliza kama kwao Machakos makanisa yamekwisha. Picha za mabenchi yetu zilikuwa zimempitia kwenye simu, mtu kamrushia mtu, na dakika kumi baadaye akanipigia. "Dada Spes, tafadhali msiguse hiyo bench ya mbele mpaka nifike. Please. Nitakuja na nyinyi."

Alitupikia githeri. Papa Musha aliitazama sahani ya mahindi na maharage, akangoja kwa adabu kitu cha kuifuata, na kilipokosa kuja akala yote na kuongeza. Baada ya kula Mwende akatandaza picha mezani. Mabenchi kumi na mawili yalikuwa sawasawa, ya msonobari, yamenyooka kama askari. La mbele kabisa lilikuwa jingine: jeusi, fupi, na mbao zake za ubavuni zilikuwa zimechongwa kitu ambacho picha haikuonyesha vizuri.

"Hii inaweza kuwa na miaka mia tano," akasema. "Sina uhakika. Lazima niishike."

"Na kama ni kweli?" nikauliza.

Akazikusanya picha taratibu. "Basi sijui kama itafaa muipeleke Louisville. Sorry. Nimeona niwaambie mapema."

Nililala kwenye kochi lake nikiwa na kinyongo kidogo. Tumefuata mabenchi kumi na matatu, na huyu aliyekunywa chai ya chupa yetu ameanza kuyapunguza.

Kando ya ziwa: kanisa lisilo na viti

Jumamosi tuliondoka kabla ya jua, watu watatu kwenye kiti cha mbele, mimi katikati na goti langu likigombana na gia. Tulipopita Cleveland theluji ikaanza. Theluji, mwezi wa nne! Upande wa kushoto ziwa lilikuwa na rangi ya bati. Malori yakapunguza mwendo, nasi tukapunguza, na saa yangu haikupunguza.

Ili tusiitazame saa, nikamwambia Mwende atusimulie hayo makanisa yake. Nakiri nilitegemea usingizi. Lakini binti huyu akianza kusema juu ya mawe, hata mawe yangesikiliza.

Alituambia kwamba zamani, katika vijiji vya Uingereza, watu hawakukaa kanisani. Walisimama, au walipiga magoti sakafuni juu ya majani makavu. Wazee na wagonjwa tu ndio waliokuwa na ukingo wa mawe wa kukalia ukutani. Kuta zote zilichorwa rangi: mbinguni, jehanamu, watakatifu, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Mlangoni kulikuwa na birika la jiwe la ubatizo, lenye kifuniko cha kufungwa kwa ufunguo kwa sababu watu waliiba maji yaliyobarikiwa wakayafanyie dawa.

"Kumbe!" Papa Musha akapiga usukani. "Hata wazungu!"

"Hata wao. Na kulikuwa na kasha kubwa la kuwekea vikombe na vitabu vya ibada. Kufuli tatu, funguo tatu. Moja kwa padri, mbili kwa wazee wa kanisa. Bila wote watatu, halifunguki."

Papa Musha akafikiri kwa muda wa kilomita nzima. "Bon. Ile ni kanisa ilijua watu."

Mabenchi, akaendelea, yalikuja baadaye, mahubiri yaliporefuka. Maseremala wa kijiji waliyachonga kwa mti wa mwaloni, na pembeni waliweka chochote walichopenda: malaika, nguva, mlevi, mke anayempiga mumewe. Kisha mfalme akagombana na Papa wa Roma. Kuta zikapakwa chokaa, sanamu zikachomwa moto, vioo vya rangi vikapondwa. Mabenchi yakapona.

"Kwa nini yalipona?" nikauliza.

"Watu walikuwa wameyakalia," akasema Mwende.

Buffalo: nyama ndani ya kanisa

Tulifika saa saba kasoro robo. Kanisa lenyewe ni la matofali mekundu, limebanwa kati ya gereji na uwanja mtupu. Ngazini alisimama bibi mwembamba wa miaka themanini na kitu, amevaa buti za mpira na mkufu wa lulu. Huyo ndiye Dorothy. Kamati ya kanisa lao ilikuwa imebaki watu watatu, naye ndiye aliyeachiwa funguo na kauli ya mwisho. Kwa simu nilikuwa nimemtajia jina langu, na masikio yake yakasikia "space", neno la Kiingereza la "nafasi".

"Mimi nilidhani unaniuliza kama kuna nafasi," akasema. "Nikajibu ndiyo, nafasi ipo, kanisa ni tupu. Ukasema hapana, mimi ndiye Nafasi. Nikasema huyu mama ana imani kubwa."

Tukacheka, tukaingia. Ndani kulikuwa na baridi ya kaburi na harufu ya nta. Wakati mimi na Dorothy tunahesabu mabenchi ya msonobari, Papa Musha alikwenda moja kwa moja mbele. Kisha tukasikia sauti yake ikivuma hadi darini:

"Dada! Mu kanisa iko nyama!"

Mwende akageuka. "Nyama? Nani ameacha nyama kanisani?"

"Nyama! Inavaa kanzu!"

Ikabidi niwatafsirie kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. Kwa watu wa Kivu, nyama ni mnyama yeyote, hata akiwa hai. Tukamfuata. Kwenye ubao wa kulia wa lile benchi jeusi alichongwa mbweha, amesimama kwenye mimbari, amevaa joho la padri, mkono mmoja umeinuliwa kubariki. Chini yake bata bukini watano wamenyoosha shingo wakimsikiliza. Nyuma ya joho, mahali ambapo bukini hawaoni, shingo ya bukini wa sita inaning'inia.

"Miye siwezi ingiza hii ku Newburg," Papa Musha akasema. "Pasta atasema ni yeye."

Mwende hakusikia. Alikuwa amepiga magoti, amevua glavu, anapapasa ubao kama mtu anayempima mtoto homa. Akapitisha vidole kwenye alama za shoka, kwenye vigingi vya mti vilivyotumika badala ya misumari. Akakaa sakafuni.

"Ni yenyewe," akasema kwa sauti ndogo. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Saa ilikuwa saba na robo. Nikampigia mchungaji, nikamkuta kwenye mapumziko ya kazini, kelele za mashine nyuma yake. Nikamweleza kwa kifupi: benchi ni la kale sana, Mwende anasema si la kukaliwa na sisi, Papa Musha anasema lina mnyama. "Spes, wewe ndiye uko pale. Utakaloona ni sawa, nami nitaliona sawa." Akakata simu. Asante, Mchungaji.

Nilipogeuka, Dorothy alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, mkoba mapajani. Akatoa bahasha.

"Nilitaka liondoke na mabenchi mengine," akasema, "nisiulizwe tena."

Ilikuwa barua kutoka kijiji kimoja cha mashariki mwa Uingereza, yenye miaka saba. Wazee wa kanisa la kijiji hicho waliandika kwamba babu zao waliondoa mabenchi ya kale ili waweke mapya, kisha wakajuta, wakayatafuta moja moja. Yote yalirudi isipokuwa moja, ambalo seremala mmoja alihama nalo kwenda Amerika. Walikuwa wamesikia huenda liko Buffalo. Je, ni kweli?

"Kwa nini hukuwajibu?" Mwende akauliza. Hakuuliza kwa upole.

Dorothy akainama, akatuonyesha upande wa kushoto. Benchi lilikuwa limekatwa, limepungua kama mkono mmoja, na ubao wa ubavuni ukagongelewa upya kwa misumari ya chuma. "Baba yangu. Alikuwa mzee wa kanisa. Walipoleta mitambo ya kupasha joto, benchi halikuenea, akachukua msumeno. Nilikuwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyelishikilia asikose mstari. Ningewaandikia nini?"

Hapo, ndugu zangu, nilikumbuka jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu Louisville. Kambi yetu ya wakimbizi kule Kigoma ilipofungwa, ngoma ya kwaya yetu iliondoka na familia moja. Mimi ndiye niliyeipiga miaka sita. Baadaye nilifanya kazi ya kuwauliza watu, Norway, Australia, Arizona: nani ana ile ngoma? Sikutaka hata irudi. Nilitaka kujua kama ipo. Ujumbe unasomwa, nami naona kwamba umesomwa, na hakuna anayejibu.

Nikakaa karibu na Dorothy. "Mama," nikamwambia, "anayeuliza hivyo hataki kukugombeza. Anataka kujua tu. Wapigie."

"Leo?"

"Saa tisa linakuja gari la taka. Lini tena?"

Mwende akatafuta namba ya kanisa lile kwenye simu, akapiga, akaweka sauti ya juu. Kule ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Akapokea mwanaume anayeitwa Graham, ambaye alikuwa anafunga mlango wa kanisa. Dorothy akashika simu kwa mikono miwili. Akaeleza yote bila kupumzika: mbweha, msumeno, baba yake, miaka saba.

"Hebu ngojeni," Graham akasema. Tulisikia ufunguo, mlango mzito, hatua juu ya mawe. Kisha picha ikaingia kwenye simu ya Mwende.

Ilikuwa picha ya kanisa lenye kuta nyeupe. Mabenchi meusi yamepangwa safu kwa safu, na katika safu moja pana pengo. Ndani ya pengo wameweka ndoo ya miavuli na kigari cha mtoto.

"Hatujawahi kuweka benchi jingine hapo," sauti ya Graham ikasema. "Mama yangu alikuwa hakubali."

Dorothy alilia, nasi tukamwacha alie. Papa Musha, ambaye hakuwa ameelewa Kiingereza hata robo, alikuwa ameitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

Kurudi: mabawa na msumeno

Gari la taka lilikuja saa tisa na dakika tano, na tulikuwa tunafunga kamba ya mwisho. Mabenchi kumi na mawili, na juu yao, limeviringishwa blanketi za Dorothy, la kumi na tatu. Tulikubaliana na Graham tukae nalo Newburg hadi wapate msafirishaji.

Dorothy akatulazimisha kula. Akatupeleka Amherst, karibu na anakoishi, kwenye mkahawa unaouza mabawa ya kuku. Wakaleta sinia la mabawa arobaini. Papa Musha akahesabu, akaligeuza bawa moja upande wa kwanza, akaligeuza wa pili.

"Donc, kuku ishirini," akaniambia. "Uliza yule mama, kuku wenyewe walienda wapi?"

Nikauliza. Mhudumu akasema hajawahi kuulizwa. Akaenda jikoni kuuliza, na hakurudi na jibu.

Tulimshusha Mwende Columbus siku iliyofuata. Alinikumbatia kwa nguvu, akasema ameogopa njia nzima nisije nikamchukia. Nikamwambia nilimchukia Columbus, nikaacha tulipofika Cleveland.

Lile benchi tuliliweka stoo, nyuma ya jukwaa. Wiki ya kwanza Papa Musha hakuingia stoo. Wiki ya pili alikwenda "kuangalia panya". Wiki ya tatu nilimkuta ameung'oa ule ubao wa kushoto, kitu ambacho hakuna aliyemtuma. Nikashika kichwa.

"Papa Musha! Unafanya nini?"

"Nafasi yao iko mrefu, benchi iko mufupi," akasema bila kuinua macho. "Nilionaka mu picha. Mutu atarudishaka kitu nusu?"

Nikawapigia Mwende na Graham, mmoja baada ya mwingine, nikiwa na hofu. Mwende alipiga kelele, kisha akataka kuona picha, kisha akaomba nyingine. Graham akauliza swali moja tu: kipande cha kuliongezea urefu kinatoka mti gani? Ni mwaloni wa hapa Kentucky, uliong'olewa kwenye sakafu ya nyumba iliyobomolewa mtaani kwetu. Akasema, "Mwambie aendelee. Na asiupake rangi kuuficha."

Ilimchukua miezi miwili, jioni kwa jioni baada ya kiwanda. Alitumia vigingi vya mti, msumari hata mmoja hakugusa. Mahali lilipoungwa unapaona kwa rangi tu. Ukipitisha kidole, hakijui. Wanaume wa kanisa walianza kuja kumtazama, na sasa wawili wanajifunza kwake kila Jumamosi.

Msafirishaji alikuja Jumanne hii, ndiyo maana naandika leo. Alikuwa na haraka, ameacha gari likinguruma nje. Papa Musha akamwomba dakika moja. Akalifuta benchi kwa shati lake, kisha akalikalia, mara ya kwanza tangu Buffalo, katikati kabisa, mikono magotini. Nikafikiri anasali. Nikamuuliza kama ana huzuni.

"Hapana," akasema, akasimama, akashika upande wake na kunionyesha nishike wangu. "Hii iko na kwao, na kwao kunangoja. Inua, dada."

Tukainua.